Mound Bayou, mji wa Wamarekani Weusi: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila Februari, ambao Marekani ni mwezi wa historia ya Weusi, simu zetu hujaa klipu zenye muziki wa huzuni na sauti nzito: zamani kulikuwa na miji ya Wamarekani Weusi, ilikuwa tajiri kupindukia, wazungu wakaichoma yote. Wapo pia wanaosambaza kinyume chake, kwamba mtu mweusi hata ukimpa mji wake hawezi kuuendesha. Mji mmoja mdogo wa jimbo la Mississippi unazitia doa hadithi zote mbili.

Unaitwa Mound Bayou. Uko katika wilaya ya Bolivar, kwenye tambarare ya pamba inayoitwa Delta, kando ya barabara kuu namba 61. Wakazi wake ni kama 1,500 na karibu wote ni Weusi. Ulianzishwa mwaka 1887 na ndugu wawili, Isaiah Montgomery na binamu yake Benjamin Green, wote wazaliwa wa utumwani.

"Miji yote ya Weusi iliteketezwa"

Greenwood ya Tulsa ilichomwa mwaka 1921, na Rosewood ya Florida mwaka 1923. Hilo halina ubishi. Ila Greenwood haikuwa mji, ilikuwa mtaa ndani ya jiji la Tulsa, ambako polisi na mahakama vilikuwa mikononi mwa wazungu. Mound Bayou ilikuwa na meya wake mweusi, baraza lake na polisi wake, na haikuchomwa na genge lolote. Eatonville ya Florida, iliyopata hadhi ya mji mwaka huo huo wa 1887, ipo mpaka leo. Boley ya Oklahoma ipo. Nicodemus ya Kansas, iliyoanza 1877, imebaki na watu wachache mno, lakini kilichoiumiza ni reli iliyopita kando miaka ya 1880 ikaenda na wafanyabiashara wake. Miji mingi ya aina hii ilidhoofishwa na mambo yasiyo na moshi: bei ya mazao, madeni, vijana kuhamia Chicago. Naelewa kwa nini hakuna anayetengeneza klipu kuhusu bei ya pamba.

"Walipewa ardhi na wazungu wenye huruma"

Hapa inabidi turudi nyuma ya 1887, hadi shamba la watumwa la Davis Bend, kusini ya Vicksburg, mahali mto Mississippi unapojikunja. Mwenye shamba alikuwa Joseph Davis, kaka wa Jefferson Davis, yule yule aliyekuja kuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Benjamin Montgomery, baba yake Isaiah, alikuwa mtumwa hapo. Alipoletwa alitoroka, akakamatwa. Baadaye akajisomea vitabu vya bwana wake, akawa fundi mitambo na mpima ardhi, akafungua duka. Alibuni pangaboi la boti za kupita kwenye maji ya kina kifupi, ila hakupata hataza, kwa kuwa kisheria mtumwa hakuwa raia.

Baada ya vita vya Kaskazini na Kusini, mwaka 1866, Joseph Davis alimuuzia Benjamin mashamba hayo kwa mkopo wa dola 300,000. Aliyekuwa mali ya shamba akawa mwenye shamba, na kwa miaka kadhaa familia yake ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pamba Mississippi. Halafu mafuriko, bei kuanguka, riba. Benjamin alifariki 1877 akiwa na deni, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 ardhi ikarudi kwa ukoo wa Davis.

Kwa hiyo Isaiah alipoanza Mound Bayou hakuwa mtu wa kubahatisha. Alishaona jinsi mkopo unavyojenga na unavyobomoa. Kampuni ya reli iliyotandika njia yake kupitia Delta ilikuwa na maelfu ya ekari za msitu na kinamasi, ikitaka watu wa kufyeka, kulima na kupakia pamba kwenye mabehewa yake. Wazungu hawakutaka kuishi kwenye malaria, na waliamini kwamba mtu mweusi hashikwi na ugonjwa huo. (Ukiisoma hii uko Kilombero au Kisumu, unaruhusiwa kucheka.) Montgomery na Green wakanunua ekari 840 za mwanzo. Huruma haikuwepo popote. Kampuni ilihitaji walimaji, wao walihitaji mahali ambapo mtu angeweza kuandika hati ya shamba kwa jina lake. Kwa kuwa pamba haiwezi kupandwa katikati ya magogo, wakazi wa kwanza walikata miti na kuuza mbao kwanza, na wengine wakaenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya jirani ili walipe awamu za ardhi.

"Waanzilishi wake walikuwa mashujaa wa haki"

Hii ndiyo sehemu ambayo wapenzi wa Mound Bayou huipita haraka, nami naona ndiyo ya kusimama.

Mwaka 1890 Mississippi iliitisha mkutano wa kuandika katiba mpya, na lengo halikufichwa: kuwaondoa Weusi kwenye daftari la wapiga kura. Wajumbe walikuwa 134. Mweusi alikuwa mmoja tu, Isaiah Montgomery. Katiba iliweka kodi ya kichwa ya dola 2 kwa mwaka, na sharti kwamba mpiga kura aweze kusoma kifungu cha katiba, au akisomewa akieleze hadi ofisa anayemsikiliza aridhike. Ofisa huyo, bila shaka, angekuwa mzungu.

Montgomery alisimama akaunga mkono. Kwa hesabu yake mwenyewe, mpango ule ungeondoa zaidi ya kura 120,000 za Weusi, na yeye akaitoa hiyo kama sadaka ya amani: wazungu wakihakikishiwa utawala, umwagaji damu utapungua na Weusi wataachwa walime na kusoma. Alisifiwa na magazeti ya wazungu. Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa na aliyekuwa sauti kubwa kuliko zote ya Wamarekani Weusi, alimlaumu hadharani.

Kufikia 1892 Weusi waliosajiliwa kupiga kura katika jimbo zima hawakufika 9,000. Amani haikuja. Mississippi iliendelea kuwa jimbo la kutisha kwa watu kunyongwa na makundi ya wahuni, na kura ilirudi kwa wingi baada ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1965. Huku nyuma, wakazi wa Mound Bayou waliendelea kuchagua meya na madiwani wao kama kawaida, jambo ambalo ndugu zao wa maili chache tu kutoka hapo hawakuweza kuliota. Wapo wanaosema mzee aliununulia mji wake uhai. Inawezekana, ila sarafu aliyolipia haikuwa yake peke yake.

"Uliporomoka kwa sababu hawakujua biashara"

Charles Banks alifungua benki ya Mound Bayou mwaka 1904. Rais Theodore Roosevelt alipopita kwa treni mwaka 1907 alisimama akausifu mji. Mwaka 1912 Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa Weusi, alikuja kuzindua kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba mbele ya maelfu ya watu. Hisa zilikuwa zimeuzwa kwa watu wa kawaida, mmoja mmoja, na tajiri wa Chicago Julius Rosenwald akanunua hatifungani.

Mwaka 1914 vita vilizuka Ulaya, soko la pamba likafungwa ghafla, benki ikaanguka. Benki nyingi za wazungu Kusini nazo ziliyumba msimu huo huo, na hakuna aliyesema ni kwa sababu ya rangi ya wenyewe. Pigo baya zaidi lilikuja 1920: pamba ya nyuzi ndefu ya Delta ilikuwa imefika karibu dola moja kwa ratili majira ya kuchipua, na kabla ya mwaka kuisha haikufika robo ya hiyo. Mkulima aliyekopa kwa bei ya Aprili akalipa kwa bei ya Desemba. Wengi walipoteza mashamba, wakawa wapangaji kwenye ardhi waliyoifyeka wenyewe.

Makosa yalikuwepo, tusijidanganye. Mji mzima ulitegemea zao moja, na kinu kilijengwa kwa ndoto kubwa kuliko mtaji. Ila mwenye kusema "hawakujua biashara" aeleze kwanza ni nani Delta, wa rangi yoyote, aliyeijua 1920.

"Weusi walikuwa wanasubiri serikali iwatibu"

Miaka ya 1930, mgonjwa mweusi wa Delta akipokelewa kwenye hospitali ya wazungu aliingia kwa mlango wa pembeni, na kwenye baadhi ya hospitali alitakiwa aje na shuka zake na kijiko chake. Vitanda vya Weusi vikijaa, basi.

Kilichojibu hali hiyo ni chama cha kufa na kuzikana. Kwa jina rasmi kilikuwa chama cha kidugu cha Mashujaa na Mabinti wa Tabor, chenye mavazi ya sherehe na siri za ukumbini, lakini kazi yake ya kila siku tunaijua sote: changa kidogo kidogo, ukifiwa usizikwe na aibu. Kiongozi wao Mississippi, Perry Smith, alianza mwaka 1938 kuwashawishi wanachama wajenge hospitali. Wengi wao walikuwa wakulima waliogawana mavuno na mwenye shamba, na wapishi na madobi wa majumbani. Taborian Hospital ilifunguliwa Mound Bayou mwaka 1942 ikiwa na vitanda 42, vyumba viwili vya upasuaji na mashine ya eksirei. Madaktari na wauguzi, wote Weusi. Kwa ada ya dola 8.40 kwa mwaka mtu mzima alipata hadi siku 31 za kulazwa, upasuaji ukiwemo, na dola 200 za mazishi. Na kila mgonjwa aliingia kwa mlango wa mbele.

"Ulikuwa mji wa kujificha, haukugusa harakati za haki za Weusi"

Daktari mkuu wa upasuaji wa kwanza, T. R. M. Howard, anatosha kuivunja hii. Alikuwa tajiri, msemaji, mwenye majivuno, na hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Mwaka 1951 alianzisha baraza la viongozi Weusi wa Delta, na mwaka uliofuata likaja na kampeni rahisi ajabu: usinunue petroli kwenye kituo ambacho huruhusiwi kutumia choo. Vituo vikaanza kujenga vyoo. Mmoja wa waliobandika stika za kampeni hiyo alikuwa kijana aliyeajiriwa na kampuni ya bima ya Howard pale pale mjini, Medgar Evers, aliyeuawa 1963 akiwa kiongozi wa harakati Mississippi.

Septemba 1955, wauaji wa Emmett Till, mvulana mweusi wa miaka 14, waliposhtakiwa huko Sumner, mama yake Mamie alilala nyumbani kwa Howard chini ya ulinzi wa watu wenye bunduki. Waandishi Weusi walikuwa wakirudi hapo kila jioni, na mashahidi walitafutwa kutokea hapo. Watuhumiwa waliachiwa. Tarehe 27 Novemba Howard alisimulia kisa hicho kanisani mjini Montgomery, Alabama, Rosa Parks akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Siku nne baadaye Parks aligoma kumpisha mzungu kiti kwenye basi, kitendo kilichochochea harakati hizo. Nchi ile isingekuwa na mji wa Weusi katikati ya Delta, sijui mama yule angelala wapi.

"Leo ni mahame"

Hapana, ingawa mji umepungukiwa. Hospitali ilifungwa 1983. Sekondari iliyoitwa John F. Kennedy ilifungwa 2018, wanafunzi wakaunganishwa na wa Shelby, na hasira bado ipo. Nyumba ya matofali ya Montgomery ni alama ya kitaifa ya kihistoria, na tangu 2021 kuna jumba la makumbusho. Umaskini ni mkubwa, kama kwenye Delta yote. Lakini baraza linakaa, makanisa yanajaa, na kituo cha afya kinafanya kazi. Hicho kina kisa chake.

"Utaalamu hutoka Marekani kwenda Afrika"

Mwaka 1957 mwanafunzi mmoja wa udaktari, H. Jack Geiger, alikwenda Natal, Afrika Kusini, kujifunza kwa Sidney na Emily Kark. Wawili hao walikuwa wameanzisha kituo cha Pholela mwaka 1940, ambapo daktari hakutibu kikohozi tu, aliuliza pia juu ya maji, choo na shamba la mboga. Geiger aliirudisha njia hiyo Marekani. Kituo cha kwanza cha afya ya jamii cha vijijini nchini humo kilifunguliwa Mound Bayou mwaka 1967, kwa fedha za serikali kuu na chini ya chuo kikuu cha Tufts.

Wagonjwa wa kwanza walikuwa watoto wenye utapiamlo, kwa kuwa mashine zilikuwa zimechukua kazi ya kuvuna pamba na wazazi hawakuwa na kipato. Madaktari wakaandika cheti: maziwa, mboga, nyama. Familia ikakipeleka dukani, duka likalipwa kutoka fungu la dawa. Wakubwa wakaja juu, wakisema fungu lile ni la kutibu wagonjwa. Geiger akawajibu kwamba kwenye vitabu vya udaktari alivyosoma, dawa ya utapiamlo ni chakula. Wakanyamaza.

Mwenzake John Hatch aliona cheti hakitoshi, akawasaidia wakulima kuanzisha ushirika wa kulima mboga badala ya pamba. Kituo kikachimba visima na vyoo, kikaweka nyavu madirishani, na kikaajiri watu wa hapo hapo. L. C. Dorsey, aliyekulia kwenye mashamba ya kugawana mavuno, aliingia kama mfanyakazi wa jamii, akaenda kusoma hadi shahada ya uzamivu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akarudi kuwa mkurugenzi wake.