Kizibao cha kupoza mwili kwa mwendesha pikipiki: pima ukavu wa hewa kabla ya kununua

Mwishoni mwa Oktoba mwaka juzi niliondoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Dodoma kwa pikipiki, safari ya kilomita 450 hivi. Chini ya koti nilikuwa nimevaa kizibao kipya cha kupoza mwili, nilichokilowesha nyumbani kama maelekezo yake yalivyotaka. Hadi Chalinze kilikuwa mzigo mtupu. Kilinigandama kama nguo iliyoanuliwa mbichi, kikanizidishia joto, na fulana iliyokuwa chini yake ikawa inachuruzika maji. Nilikusudia kukivua nikifika Morogoro na kukifunga nyuma ya kiti, lakini nilighairi, nikakilowesha upya na kuendelea. Baada ya kupita Dumila na kuanza kupanda kuelekea Gairo, kizibao kile kile kilinipoza kifua na mgongo kwa namna ambayo sikuitarajia, ingawa jua lilikuwa limeshafika utosini.

Sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya kazi ninayoifanya kila siku, kwa kuwa mimi ni fundi wa majokofu, viyoyozi na vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki. Waendesha pikipiki wanaoniomba ushauri kuhusu vizibao hivi huanza kwa kunitajia joto la kwao ni nyuzi ngapi. Mimi huwauliza kwanza hewa ya kwao ni kavu kiasi gani, kwani hilo ndilo linaloamua aina ya kizibao cha kununua, na pengine ndilo linaloamua kama kuna haja ya kununua.

Kila aliyekunywa maji ya mtungi anaijua kanuni yenyewe. Mtungi wa udongo hutoa jasho, jasho hilo hugeuka mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto la udongo na la maji yaliyomo ndani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke yote huchukua takriban kilojuli 2,400 za joto. Mwendeshaji ambaye mwili wake unazalisha wati 200 hivi angehitaji zaidi ya saa tatu kuzalisha joto la kiasi hicho. Lakini mvuke huo ni lazima upate pa kwenda. Maji ya mtungi hupoa vizuri zaidi Dodoma wakati wa kiangazi kuliko Dar es Salaam wakati wa kaskazi, kwa sababu hewa ya pwani imekwisha kushiba unyevu wa bahari na haipokei mwingine kwa wepesi. Hali hiyo sisi tunaiita fukuto: jasho linatoka, lakini linabaki juu ya ngozi bila kukauka.

Ukavu wa hewa unaweza kuupima mwenyewe. Chukua kipimajoto cha kawaida cha chumbani, si kile cha hospitali ambacho kimetengenezwa kusoma joto la mwili tu, na usome joto la hewa kivulini. Kisha funga kwenye ncha yake kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, ukipepee kwa nguvu dakika tatu au nne mpaka namba iache kushuka. Namba hiyo ya pili ndiyo kiwango cha chini kabisa ambacho kizibao cha maji kinaweza kufikia mahali hapo, kiwe cha bei yoyote. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 35, ambayo si ngeni kwa mchana wa Oktoba Dodoma, hukishusha kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi hadi nyuzi 20 hivi. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaifahamu vizuri mwezi wa Februari, hukishusha hadi nyuzi 27 tu. Ngozi yetu huwa na nyuzi 33 hadi 35, na chini ya koti jasho lako mwenyewe huongeza unyevu, kwa hiyo faida ndogo unayoipata pwani huzidi kupungua. Kanuni ninayoitumia ni hii: tofauti kati ya namba hizo mbili ikifika nyuzi 8 au zaidi, kizibao cha maji kitakufaa; ikiwa 5 au chini yake, usikinunue.

Ukishajiridhisha kwamba hewa ya njia zako ni kavu, angalia maji yanahifadhiwaje ndani ya kizibao. Vingi vya bei nafuu vina chembechembe zinazofyonza maji, za jamii moja na zile zilizomo ndani ya pampasi za watoto. Hubeba maji mengi, lakini huvimba, hufanya mabonge chini ya koti, na huchelewa sana kukauka vinapotundikwa, jambo linaloleta kuvu na harufu. Tena chembechembe hizo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunywa maji zikikutana na chumvi, kwa hiyo anayeishi pwani na kutegemea maji ya kisima yenye chumvi ataona kizibao chake kikizidi kuwa chembamba kadiri siku zinavyokwenda. Vingine, kama HyperKewl vya kampuni ya TechNiche, vina tabaka la nyuzinyuzi zinazofyonza maji lililobanwa kati ya vitambaa viwili. Hulowa kwa dakika chache, hulala vizuri mwilini, na ndivyo ninavyovipendelea. Vipo pia vya mfuko, ambavyo maji humiminwa ndani kupitia tundu dogo na mvuke hutoka kupitia utando usioruhusu maji kupita, hivyo fulana hubaki kavu. Hivyo ni vizuri, ila mfuko ukitoboka safarini ndio mwisho wake.

Kizibao kiukaribie mwili bila kubana pumzi, kwa sababu sehemu inayoning'inia mbali na mwili hupoza hewa iliyo kati yake na wewe. Kikishalowa, kikamue kwa viganja bila kukisokota, ukivae juu ya fulana nyepesi, kisha uvae koti. Koti hilo nalo lina neno lake. Kizibao chini ya koti la mvua ni taulo bichi ndani ya mfuko wa plastiki, kwani mvuke hauna pa kutokea. Kwa upande mwingine, koti ambalo lote ni kitambaa cha wavu, ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hukausha kizibao mapema mno na ubaridi mwingi huchukuliwa na upepo. Ninapata matokeo bora kwa koti lenye matundu ya zipu: nafungua ya kifuani nusu na ya mgongoni yote, upepo uingie kidogo na upate njia ya kutokea.

Kwa asiye na fedha za kizibao, fulana ya pamba iliyoloweshwa hufanya kazi ile ile, ila itakauka mapema na italazimu kusimama mara kwa mara. Wengine hulowesha kipande cha kanga na kukizungusha shingoni. Ni njia nzuri, mradi ncha zake zichomekwe ndani ya koti, kwa sababu nguo inayopepea karibu na mnyororo au gurudumu la pikipiki inaweza kuua.

Kwa pwani iko njia nyingine, na mafuta ya nazi yanaieleza vizuri. Chupa ya mafuta hayo ikipelekwa Njombe mwezi wa Julai huganda, na ikirudi Dar es Salaam huyeyuka. Wakati wa kuyeyuka hunyonya joto la mahali ilipo, bila joto lake lenyewe kupanda, mpaka kipande cha mwisho kiishe. Vizibao vya nta hutumia tabia hiyo. Vina vifuko vya nta au mafuta yaliyotengenezwa yayeyuke kwenye joto maalumu, kwa mfano nyuzi 14, 21 au 28, na havijali hewa ina unyevu kiasi gani. Udhaifu wao ni ujazo. Kilo moja ya nta hiyo hunyonya takriban kilojuli 200, kwa hiyo kizibao chenye kilo mbili hubeba kilojuli 400, sawa na mililita 170 tu za maji yaliyogeuka mvuke. Kikinyonya wati 100 kutoka mwilini, kitaisha nguvu baada ya saa moja na dakika chache.

Suala la kuvigandisha tena muuzaji hulitaja mara chache. Vifuko vya nyuzi 28 havigandi ndani ya chumba chenye nyuzi 30, na vya nyuzi 21 havigandi ndani ya ndoo ya maji ya bomba ya Dar es Salaam. Vyote vinahitaji friji au maji yenye barafu. Mimi ningechagua vya nyuzi 21, kwa kuwa vya 28 vimekaribiana mno na joto la ngozi na ubaridi wake ni hafifu.

Vifuko vya barafu halisi sivishauri. Ngozi ikiguswa na baridi kali, mishipa yake midogo hujibana, damu yenye joto ikapungua kufika pale pale unapotaka ipozwe, na ngozi yenyewe inaweza kuungua kwa baridi. Mavazi yenye mirija ya maji yanayozungushwa kwa pampu, ambayo yanafahamika zaidi kwa kuvaliwa na wanaanga wa Apollo, zile safari za mwezini, hupoza kwa uhakika, lakini yanadai tangi la barafu na umeme wa ziada, mzigo usiofaa kwa pikipiki ya cc 150. Vizibao vya feni vinavyovaliwa na wajenzi wa Japani vinamfaa aliyesimama. Kwenye mwendo, upepo tayari unao.

Mahali ambapo hewa yenyewe inazidi nyuzi 35, kama Lodwar au bara ya Oman kuelekea Nizwa, kuna jambo la kubadilisha. Hapo upepo ni moto kuliko ngozi, kwa hiyo kulifungua koti kabisa ni kujiongezea joto. Funga matundu mengi, acha machache, na ulowe tena kila unapopata maji.

Kizibao cha aina yoyote kisikisogeze kikinga cha mgongo mahali pake, wala kisiwe na vifuko vigumu juu ya uti wa mgongo, maana ukianguka utaangukia juu yake. Na ukihisi kichwa kinauma, kichefuchefu au mawazo kuvurugika, simama kivulini, vua koti, jimwagie maji na uombe msaada, hata kama kizibao bado ni kibichi.

Dereva wa bodaboda anayeshinda kwenye foleni za Kariakoo ningemshauri aanze na koti la wavu la rangi ya mwanga lenye vikinga, kisha, ikiwa kijiwe chake kiko jirani na duka lenye friji, anunue seti mbili za vifuko vya nta ili moja igande wakati nyingine inatumika. Wa Dodoma, Singida au Garissa atanufaika na kizibao cha maji kwa gharama ndogo zaidi. Mimi mwenyewe sasa hukibeba changu kikiwa kikavu hadi Morogoro, nakilowesha kwenye bomba la kituo cha mafuta, na nikifika Gairo nasimama kukilowesha tena.