Sisimizi wa moto: maji yafanye kazi, mkono ukae mbali

Haya ni maelezo ya kuchimba kundi la sisimizi wa moto na kulifuga maabara. Ninaowazungumzia ni Solenopsis invicta, wekundu wa hudhurungi, urefu wa milimita 2 hadi 6. Si siafu, wala si wale majimoto wa kwenye miti. Kwao ni Amerika ya Kusini, lakini tangu waingie bandari ya Mobile, Marekani, miaka ya 1930, wameenea mpaka Australia na China. Ndiyo maana kabla ya ndoo na koleo kuna kibali: sehemu nyingi ni kosa kuwasafirisha au kuwafuga bila ruhusa. Huna kibali, waache walipo.

Mmoja akikupata, hung'ata kwanza ili ajishikize, kisha hukunja tumbo na kuchoma mwiba, anageuka kidogo, anachoma tena. Kesho yake hutokea kipele chenye usaha mweupe, usikikamue. Lakini mtu akivimba uso, akabanwa na pumzi au akaona kizunguzungu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo asiikaribie kazi hii, na yeyote asiende kuchimba peke yake.

Chimba asubuhi, jua likishaanza kupasha kichuguu, maana watoto na malkia huwa wamesogea juu kufuata joto. Ndoo iwe imepakwa poda ya talka ukutani kwa ndani, isipandike. Vaa buti na glavu, suruali ichomekwe ndani ya soksi. Mpini wa koleo nao upake poda. Wengi huusahau, na ndio barabara ya kufikia mkono. Chota mara mbili tatu upesi, uondoke.

Udongo huo usiuchambue kwa vidole. Uache utulie hadi kesho, wachimbe njia zao upya, kisha dondoshea maji tone kwa tone kwa saa kadhaa. Ukiyamwaga kwa pupa, watafukiwa na tope. Yakipanda taratibu, wanabeba mayai na mabuu ngazi kwa ngazi hadi juu, halafu wanashikana miguu na kuelea kama chelezo, kama wafanyavyo kwenye mafuriko. Hapo unawachota kwa kijiko kikubwa na kuwaweka kwenye beseni kavu.

Kuwatunza si kazi kubwa: kijumba chenye giza na sakafu ya plasta yenye unyevu, mrija wa maji uliozibwa kwa pamba, maji ya sukari, nyenje waliokufa, na joto la nyuzi 27 hadi 30. Sisimizi vibarua, yaani wale wafanyakazi wa kundi, hawawezi kuwameza hao nyenje. Huwapelekea mabuu wakubwa, ambao huwayeyusha na kurudisha mchuzi kwa kundi zima.

Kazi iko kwenye kuta za beseni, ambazo nazo hupakwa poda. Asubuhi moja niliingia maabara nikakuta mstari mwembamba ukiteremka kwenye mguu wa meza. Poda ilikuwa imelowa kwa unyevu wa usiku, upana wa vidole viwili tu, ikawatosha. Tangu hapo kila beseni letu hukaa ndani ya jingine kubwa lenye maji ya sabuni, na poda hukaguliwa kila siku.

Ukichoka nao, usiwarudishe porini. Beseni lote, pamoja na udongo uliobaki ndooni, liingie kwenye friza siku kadhaa kabla ya kutupwa.