Baga ya mimea inatengenezwaje, na mlengwa ni nani

Wengi wanaoniuliza kuhusu baga za mimea hudhani zilibuniwa kwa ajili ya vegani, yaani mtu asiyekula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Kazi yangu ni teknolojia ya chakula, hasa protini za jamii ya kunde, na jibu langu ni lilelile siku zote: mteja anayewindwa ni mla nyama. Ukishalijua hilo, kila kilichomo ndani ya baga ile kinaeleweka.

Shida ya kwanza ni utafunaji. Unga wa protini ya soya au njegere ukiuchanganya na maji unapata uji tu, ilhali nyama ina nyuzi ambazo meno yanazikata. Kwa hiyo unga huo hupitishwa kwenye mtambo wenye skrubu inayozunguka ndani ya bomba la chuma, kwa joto kali na shinikizo kubwa. Protini zinalegea, zinanyooka, zinalala upande mmoja. Zikichomoza kwenye tundu la mtambo, shinikizo linashuka ghafla, maji yanageuka mvuke na kuacha vitundu kama vya sponji.

Teknolojia hii si ya jana. Kampuni ya Marekani ya Archer Daniels Midland ilikuwa nayo tangu miaka ya 1960, na matunda yake ndiyo ile nyama ya soya kavu inayouzwa kwa pakiti katika maduka ya Kenya na Tanzania. Loweka kipande kimoja kwenye maji ya moto, kisha kichane kwa vidole: utaziona nyuzi zimejipanga. Watu wanaoichukia, mara nyingi walipikiwa vibaya. Soya ina kimeng'enya kinachoshambulia mafuta yake mara punje inapopondwa, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ya maharage mabichi. Mabaki ya harufu hiyo huondoka na maji ya kulowekea, hivyo yakamue kwa nguvu, loweka tena, kamua tena. Halafu sponji iliyojaa maji haina pa kuwekea mchuzi! Ikishakamuliwa vizuri, ikaange na kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu mpaka ibadilike rangi, ndipo utie nyanya na tui. Itakunywa ladha yote.

Kilicho kipya ni kuiga damu na mafuta. Patrick Brown, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alianzisha Impossible Foods mwaka 2011 akiamini kwamba ladha ya nyama inatokana hasa na himu, ile molekuli yenye chuma inayoipa damu wekundu. Vinundu vya mizizi ya soya navyo vina protini yenye himu. Kampuni ilichukua jeni yake, ikaiingiza kwenye hamira, na hamira hiyo ikaanza kuizalisha ndani ya matangi. Wenzao wa Beyond Meat walichagua protini ya njegere na rangi ya kiazisukari chekundu. Mafuta ya nazi hutiwa kwa sababu huganda penye baridi na kuyeyuka kwenye kikaango, yakatiririka kama shahamu. Kinachoshikamanisha yote ni methiliselulosi, kitu cha ajabu ambacho huganda kikipata joto na kulegea kikipoa, kinyume kabisa na jelatini.

Milango ilifunguka mwaka 2019. Januari, Greggs, kampuni ya maduka ya mikate ya Uingereza, ilianza kuuza roli ya soseji isiyo na nyama, iliyojazwa Quorn, protini ya kuvu. Aprili, mikahawa ya Burger King ikaijaribu Impossible Whopper, baga yake yenye kipande cha Impossible Foods, mjini St. Louis, na Agosti ikaisambaza Marekani nzima. Lakini kipande kile kilichomwa kwenye jiko moja na nyama ya ng'ombe, na mayonezi yake ilikuwa na yai. Mla nyama hajali hayo. Vegani anajali, na ana haki. Uingereza, ambako Burger King ilileta Rebel Whopper Januari 2020, mamlaka ya viwango vya matangazo iliamua Aprili mwaka huohuo kwamba matangazo yake yalipotosha, na mimi nakubaliana nayo kabisa. Uliza jiko, uliza mayonezi, uliza hata chipsi: za McDonald's nchini Marekani zina kionjo cha ng'ombe.

Kwa upande wa lishe, protini ipo ya kutosha. Kinachonitia wasiwasi ni chumvi. Kipande cha gramu 113 mara nyingi kina sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, zaidi ya miligramu 300, ilhali nyama ya kusaga ambayo haijatiwa chumvi haifiki 100, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku. Jumlisha mkate, jibini, achari na chipsi. Mlo wa mbaazi za nazi kwa mahamri ya tui, ambao pwani yetu unauzwa asubuhi kando ya barabara, hauna mnyama hata kidogo, na chumvi yake inaamuliwa na mpishi.

Ila si mbaazi wala nyama ya soya ya pakiti inayokupa vitamini B12 ya asili. Baadhi ya kampuni za baga huiongeza, nyingine hapana, kwa hiyo soma lebo. Aliyeacha kabisa vyakula vya wanyama anahitaji vyakula vilivyoongezewa B12 au vidonge vyake, na mjamzito au mama anayenyonyesha azungumze na mhudumu wa afya mapema, kabla dalili hazijaanza.