Hifadhidata ya programu ya nyumba za kupanga: ni nini, na kwa nini huonekana kama imepotea

Mwenye nyumba za kupanga anayefanyia hesabu zake kwenye kompyuta ya nyumbani husema amesakinisha programu, akidhani ameweka kitu kimoja. Ameweka viwili. Cha kwanza ni programu yenyewe: fomu za kuandikisha wapangaji, vitufe, amri ya kuchapa stakabadhi. Cha pili ni hifadhidata, yaani faili ambamo majina ya wapangaji, mikataba, amana, kodi zilizolipwa na madeni hukaa. Programu ikiharibika, unaisakinisha upya na kazi inaendelea. Hifadhidata ikipotea bila nakala, hata aliyekuuzia programu hana pa kuitoa, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo.

Hitilafu nyingi zinazowatia watu hofu huwa si za programu kuharibika. Programu imefunguka vizuri, ila haikuiona hifadhidata, au imefungua nyingine.

Hifadhidata hukaa kwa namna mbili. Programu ndogo hutumia faili moja, kwa mfano la Microsoft Access lenye jina linaloishia na .mdb au .accdb, ambalo haliwezi kuzidi gigabaiti 2. Programu kubwa hutegemea seva ya hifadhidata, mara nyingi SQL Server Express ya Microsoft. Neno seva huwapoteza wengi. Wakiona ujumbe kwamba seva haipatikani, wanakimbilia kuwasha na kuzima modemu ya intaneti, kumbe seva inayotajwa iko ndani ya kompyuta hiyohiyo: ni programu nyingine inayofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia. Andika services.msc kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, utafute mstari unaoanza na SQL Server ukifuatwa na jina ndani ya mabano, uangalie kama huduma hiyo inaendeshwa. Kama imesimama, ianzishe. Ni pale tu data inapokuwa kwenye kompyuta moja nawe unaifungua kutoka nyingine ndipo mtandao wa nyumbani na ukuta wa moto (firewall, kinga inayozuia mawasiliano ya mtandao yasiyoruhusiwa) huingia kwenye hesabu.

Sasa kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwenye programu ya zamani alijue, maana huwafanya watu waamini wamefutiwa kila kitu. Tangu Windows Vista, folda ya Program Files inalindwa: programu iliyofunguliwa kwa kawaida, bila mamlaka ya msimamizi (administrator), haiwezi kuandika humo. Programu nyingi za zamani ziliundwa kuweka hifadhidata humohumo, kando ya programu. Ili zisikwame, Windows huchukua kile zinachotaka kuandika na kukiweka kwenye folda nyingine iitwayo VirtualStore, iliyo ndani ya AppData ya kila mtumiaji, folda ambayo kwa kawaida imefichwa. Programu haijui kwamba imehamishwa, na wewe pia hujui.

Fikiria yanayofuata. Umeandika wapangaji mwaka mzima. Siku moja programu inasumbua kidogo, mtu anakushauri uifungue kama msimamizi. Ukifanya hivyo, Windows haiihamishi tena. Programu inakwenda moja kwa moja Program Files na kukuta lile faili tupu la siku ya kwanza. Skrini haina mpangaji hata mmoja. Vivyo hivyo mwenzako wa nyumbani akiingia kwa akaunti yake ya Windows, naye ana VirtualStore yake. Data yako haijafutwa. Funga programu, usiandike chochote kipya, kisha tafuta faili la hifadhidata kwenye VirtualStore ya akaunti uliyokuwa ukitumia. Ukilipata, nakili kwanza mahali salama, ndipo ulihamishie kwenye folda ya kawaida ya nyaraka na kuielekeza programu huko, kama ina mpangilio wa kuchagua mahali pa data.

Hitilafu nyingine huonekana kwenye tarehe. Kompyuta mpya ikiwa imepangwa kutanguliza mwezi, ukaingiza orodha ya malipo iliyotanguliza siku, malipo ya 05/03 yanaweza kusomwa kuwa ya Mei 3 badala ya Machi 5, na mpangaji aliyelipa mapema akaonekana mdaiwa. Dalili yake ni kwamba tarehe 13 na kuendelea huwa sahihi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, huku za chini ya hapo zikivurugika. Rekebisha mpangilio wa eneo kwenye Windows kabla ya kuingiza rekodi, si baada.

Kuhusu nakala ya akiba, usinakili faili la hifadhidata wakati programu iko wazi, na usiliweke faili linalotumika ndani ya folda inayojisawazisha na wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Linaweza kunakiliwa likiwa limeandikwa nusu. Kwa SQL Server tumia amri ya kuhifadhi nakala iliyo ndani ya programu, ambayo kwa kawaida hutoa faili la .bak, kisha faili hilo ndilo ulipeleke kwenye wingu au diski ya nje. Fanya hivyo pia kabla ya kusakinisha upya, kwani baadhi ya programu zikiondolewa huondoka na data yake.

Ukishairejesha nakala, andika pembeni namba ya stakabadhi ya mwisho na jumla ya madeni uliyokuwa nayo kabla ya hitilafu, ulinganishe na unachokiona. Vikitofautiana, huenda umefungua hifadhidata ya zamani, na ile sahihi huenda bado iko mahali fulani kwenye diski.