Kabla ya rangi, maji matamu: injini ya BSA Bantam kwenye hewa ya Mombasa

Mzee aliyeniletea Bantam alikuwa na ombi moja tu: "Fundi, hiyo injini nipakie rangi ya fedha, ing'ae." Pikipiki ilifika gereji juu ya mkokoteni kutoka Kibokoni, tairi zimelala. Ukipitisha ukucha kati ya mapezi ya silinda, zile kingo nyembamba zinazoipoza, kutu inadondoka magamba magamba kama samaki anayeparwa.

Nikamwambia, "Mzee wangu, rangi tutafika. Kwanza tuioshe."

Akaniangalia kama mtu anayeongezewa gharama.

Bantam ya kwanza, D1, ilitoka kiwanda cha BSA kule Birmingham mwaka 1948, cc 123, gia tatu. Mchoro wake haukuwa wa Waingereza. Ulikuwa wa DKW RT 125 ya Ujerumani, uliochukuliwa kama fidia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mchoro huohuo Wamarekani waliutumia kwenye Hummer ya Harley-Davidson, na Yamaha nao wakaufuata walipounda pikipiki yao ya kwanza, YA-1, mwaka 1955. Kwa hiyo vijana wa boda boda wakija kuicheka hapa kwangu huwaambia: amkieni, huyu ni bibi yenu.

Injini yenyewe ni ya mipigo miwili, haina vali, na mafuta yanachanganywa na petroli ndani ya tangi. Kuifungua ni kazi ya asubuhi moja. Beringi za kranki, sili, ringi na gasketi zote nilibadilisha. Sitaziandikia mengi, kwa kuwa vipuri vya Bantam bado vinatengenezwa na kuagiza si shida. Kilichonichukua wiki tatu ni ngozi ya nje.

Silinda ya Bantam ni chuma cha kusubu. Kichwa chake na kasha la kranki, lile la chini linaloibeba kranki, ni aluminiamu. Ni madini mawili yenye maradhi mawili, na chumvi ya bahari inayaumiza yote. Chuma kinashika kutu nyekundu. Aluminiamu inatoa unga mweupe, na chini ya unga huo kuna vishimo vidogo ambavyo jicho halivioni mpaka uguse kwa ncha ya sindano. Chumvi inajificha humo. Ukipaka rangi juu yake umeifunika tu, na unyevu wa kusi ukija inaendelea kula taratibu, mpaka siku moja rangi inainuka kama chapati kwenye kikaango.

Ndiyo maana nasema kazi ya rangi inaanza kwa maji, na si maji yoyote. Visima vingi mjini kwetu ni vya chumvi. Ukiosha injini kwa maji hayo umeirudishia ugonjwa uliokuwa unautoa. Mimi hununua maji matamu, madumu manne au matano, nayapasha moto, natia sabuni, nasugua kwa brashi ya nailoni, nasuuza mara tatu.

Silinda niliilaza ndani ya siki siku mbili, tundu lake la ndani nimelijaza grisi, kisha nikaipitisha kwenye maji yenye magadi ili asidi isibaki. Siki ya dukani inatosha. Ukwaju mwachie anayesafisha shaba za makasha ya mbao.

Kisha kuna jaribio langu, halina gharama. Ukishaosha na kukausha, iache silinda uchi usiku mmoja. Hewa ya Mombasa itakusomea hesabu. Kutu nyepesi iliyotanda sawasawa ni unyevu tu, inatoka kwa msasa. Ukiona vidoa vya manjano vilivyojikusanya sehemu moja, pale chumvi bado imo: rudi kwenye ndoo. Ya mzee huyu ilirudi ndooni mara mbili.

Mambo mawili nakataza hapa gerejini. La kwanza ni kostiki soda kwenye aluminiamu. Kijana wangu aliwahi kuchovya kifuniko cha magneti "kidogo tu". Kilitoa mapovu kama soda iliyotikiswa, na alipokitoa kilikuwa kimekonda. La pili ni kupuliza mchanga wa ufuoni kwa kompresa. Mchanga huo una chumvi, vumbi la mchanga linaua mapafu, na punje moja ikiingia kwenye beringi injini mpya ishazeeka.

Rangi sasa. Mzee alitaka fedha kila mahali. Mimi nikasimama kwenye nyeusi isiyong'aa kwa silinda. Nyeusi hutoa joto vizuri kuliko fedha, ingawa kwa kweli kazi kubwa inafanywa na upepo unaopita kwenye mapezi. Kosa baya zaidi ni unene. Rangi nene ni blanketi, na injini hii haina maji ya kuipoza. Napuliza koti mbili nyepesi, kila moja kutoka pande zote nne, maana ukipuliza kwa mbele tu, mizizi ya mapezi inabaki mitupu na ncha zake zinalia machozi.

Kichwa na kasha tulikubaliana viwe fedha. Wenye msimamo mkali watasema kiwandani aluminiamu hiyo haikupakwa. Ni kweli, lakini wao hawaishi dakika tano kutoka baharini. Nilisugua kwa msasa, nikapaka praima, rangi ya kwanza ya kung'ata aluminiamu, kisha rangi ya injini. Vanishi isiyo na rangi siitumii kamwe: kutu inapenya pembeni na kuchora njia chini yake kama mchwa.

Nyuso za gasketi na pale zinapokaa washa za nati zifunikwe kwa tepu. Rangi iliyobanwa chini ya nati ikipata moto inalainika, nati inalegea, na kichwa kinaanza kupiga mluzi.

Saa nazo ni muhimu. Alfajiri hewa imejaa maji, na rangi inashika ukungu mweupe. Mimi napuliza kati ya saa tano na saa tisa mchana, mlango wa upande wa barabara nimeufunga kwa sababu ya vumbi. Baadaye vinaingia kwenye oveni kuukuu niliyoinunua kwa ajili hiyo tu, nyuzi 90 hivi kwa dakika 20. Oveni ya nyumbani usiiguse, harufu itakufuata mpaka Idi.

Mzee alikuja Jumamosi. Aliizunguka mara mbili, akaweka kidole kwenye silinda, akanuna kidogo kwa ule weusi, kisha akaomba aipige kiki mwenyewe. Iliwaka kiki ya nne. Moshi wa bluu ukajaa gereji na watoto wa jirani wakaja mbio.

Ameirudisha juzi kwa ajili ya kebo ya klachi. Miezi minne imepita. Nilipoinama na tochi nikaona kidoa cha manjano, kidogo kama punje ya mtama, kwenye pezi la mwisho chini, upande wa ekzosti. Pale mkono wangu haukufika vizuri. Nimemwambia ailete kaskazi ikianza, na madumu ya maji safari hii ni juu yangu.