Maoni ya watu wenye ulemavu hupotelea wapi kabla ya kufika kwenye sera

Kisheria mlango uko wazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 4(3) inaitaka serikali ishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, watoto wakiwemo, kupitia vyama vinavyowawakilisha, kila inapotunga sheria na sera zinazowahusu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 nayo imeweka kamati kuanzia kijiji na mtaa hadi mkoa. Hapa Dodoma, ambako rasimu nyingi za sera na sheria za nchi hupita, mambo huharibikia kwenye kalenda na kwenye kifungu cha nauli.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na Bunge la bajeti huanza kuketi Aprili. Vipaumbele vya kijiji au mtaa vinatakiwa viwe vimefika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla ya hapo. Chama kinachoitwa mwezi Machi kutoa maoni kwenye mpango wa halmashauri kimeitwa kubariki tu, maana ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha kilichopangwa, umeshagawanywa. Tena kwetu mvua huanza karibu Desemba: watu wako shambani, na makorongo ya Bahi na Chamwino yanakata njia. Mkutano wa kijiji wa kuusimamia kwa nguvu zote ni ule wa Oktoba au Novemba.

Sasa fedha. Ukialika watu 20 wenye ulemavu, usiandike bajeti ya watu 20. Tuseme 8 kati yao wanakuja na wasaidizi au washika mkono. Hapo nauli na chakula ni vya watu 28. Ongeza wakalimani wawili wa lugha ya alama, si mmoja. Ukalimani unachosha kichwa, kwa hiyo hupokezana kila dakika 20 au 30. Ukimweka mmoja kwa saa nne, kufika saa ya pili anaanza kufupisha, na viziwi wanapata robo ya mjadala bila kujua walichokosa. Anayetumia kiti mwendo hapandi daladala. Anakodi bajaji kwenda na kurudi. Viwango hivi vikubaliwe na mhasibu kabla ya mwaliko kutoka, la sivyo siku ya kikao utasikia "hakuna risiti" na mtu anarudi nyumbani kwa deni.

Ukumbi upimwe kwa futi kamba, usiupime kwa maneno ya mwenye ukumbi. Mlango uwe na upana wa sentimita 90. Njia ya mteremko ifuate uwiano wa 1 kwa 12: baraza lenye kimo cha sentimita 45 linahitaji mteremko wa mita 5.4. Ule ubao wa mita moja na nusu unaoegeshwa asubuhi ya kikao ni mtego. Na choo kikaguliwe kabla ya chochote. Mtu asiyeweza kuingia chooni ataondoka saa nne asubuhi, mjadala ndio kwanza unachangamka.

Rasimu yenyewe iwafikie washiriki si chini ya siku 14 kabla. Ukurasa mmoja wa kawaida huzaa kurasa mbili na nusu hadi tatu za nukta nundu, yale maandishi ambayo wasioona husoma kwa vidole, kwa hiyo rasimu ya kurasa 40 ni kitabu cha kurasa 100 na zaidi, na haichapwi usiku mmoja. Wenye simu watumiwe faili la maandishi halisi. Nakala iliyopigwa picha kwa skana, yenye mhuri na saini, programu inayomsomea asiyeona skrini kwa sauti mara nyingi haioni neno hata moja ndani yake. Ila usidhani nukta nundu inatosha kila mahali. Mzee wa Kongwa aliyepofuka ukubwani kwa trakoma huenda hakuwahi kujifunza nukta nundu. Huyo anafaidika zaidi na muhtasari wa sauti wa dakika kumi, ikibidi kwa Kigogo. Vivyo hivyo kiziwi wa kijijini ambaye hakusoma shule ya viziwi anaweza asiijue Lugha ya Alama ya Tanzania. Mlete ndugu anayeelewana naye, akae pamoja na mkalimani.

Nani aalikwe? Kuna vyama *vya* watu wenye ulemavu, kama vile vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyao nchini, na kuna mashirika *kwa ajili* yao. Ya pili yana magari na maofisa, ndiyo maana hufika kwanza. Yasikilizwe, lakini yasihesabiwe kama uwakilishi. Wala mwenyekiti wa wasioona hawezi kuwasemea wenye ulemavu wa akili, kundi linalosahaulika kuliko yote.

Jambo jingine linaloniudhi ni kuwafungia watu kwenye ile mikopo ya asilimia mbili ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili yao, kana kwamba stendi, zahanati na barabara za mitaa haziwahusu.

Baada ya kikao, dai jedwali la mrejesho lenye safu nne: hoja, kifungu cha rasimu, uamuzi, sababu. Hoja iandikwe kwa maneno ya aliyeitoa. "Miundombinu iboreshwe" haimbani mtu, lakini "mlango wa maabara ya zahanati upanuliwe kutoka sentimita 70 hadi 90" mchumi wa halmashauri anaweza kuupigia hesabu. Nakala moja iende kwa kamati ya kijiji, maana rasimu ya pili itakapotoka wao ndio watakaoweza kukagua ni safu ipi imebaki tupu.