Mbwa wa jeshi kustaafu: maana yake na anakokwenda

Mbwa wa jeshi akistaafu, jina lake linatolewa kwenye orodha ya kazi. Hatumwi tena kunusa mabomu, kufuata nyayo wala kukamata mtu. Kuasiliwa ndiyo hatua inayofuata: mtu au familia inamchukua, na kuanzia hapo chakula, dawa na makosa yake yote ni juu yao.

Wengi ni wa aina za German Shepherd, Malinois na Labrador, na hustaafu wakiwa na miaka 8 hadi 10 hivi, wengine mapema. Mara nyingi tatizo huanzia nyonga na uti wa mgongo. Si mchezo kuruka kutoka kwenye lori kila siku ukiwa na kilo thelathini. Wapo pia walio wazima wa mwili ila milipuko imewavuruga. Mbwa wa namna hiyo hugoma mlangoni mwa jengo alilozoea kulipekua, au hujibanza chini ya gari akisikia kishindo.

Zamani jeshi la Marekani liliwahesabu kama vifaa. Katika vita vya Vietnam lilitumia mbwa wapatao 4,000, na wengi wao waliachwa huko au wakauawa. Mambo yalibadilika Novemba 2000, Rais Clinton alipotia saini sheria iliyoruhusu raia kuwachukua. Sheria hiyo inaitwa Robby's Law, kwa jina la Malinois ambaye askari wake aliomba kumlea akakataliwa. Robby mwenyewe haikumfaa: alikuwa mgonjwa mno, akachomwa sindano ya kufa mwezi Januari 2001. Siku hizi mbwa hupimwa afya na tabia kwanza, na askari aliyefanya naye kazi hupewa nafasi ya mbele.

Huku Uganda mbwa wa kazi si wageni. Polisi wanao, na mamlaka ya wanyamapori inao wa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Askari wetu walioingia Mogadishu tangu 2007 wanajua thamani ya pua inayogundua bomu kabla mguu haujalikanyaga.

Shida ni kwamba mtu wa Kampala akisikia "mbwa wa jeshi", anawaza geti. Anajiona tayari amepata askari wa bure wa usiku. Kwa maoni yangu huyo ndiye wa mwisho kupewa mbwa huyu. Aliyefundishwa kuuma hasahau kwa kuwa ameandikiwa amestaafu. Wa boda boda akiingia mbio na mzigo mkononi, mbwa anaweza kuona kazi imeanza. Halafu mbwa mzee mwenye nyonga mbovu kulala nje kwenye saruji ni mateso.

Anayemtaka awe na ua uliozungushiwa, asiwe na watoto wadogo sana, na awe karibu na daktari wa mifugo, maana dawa za viungo hununuliwa mara kwa mara na chanjo ya kichaa cha mbwa haikwepeki. Posho (ugali) na mukene (dagaa) atakula, lakini apimiwe: akinenepa, nyonga ndizo zinazobeba uzito huo. Wiki za kwanza afungiwe sehemu moja tulivu, wageni wamjie mmoja mmoja, na apewe amri kwa maneno yaleyale aliyozoea kazini. Kwa hiyo kabla ya kuondoka naye, muulize askari wake ni maneno gani, hasa lile la kumwambia aachie.